Mguu wa Nchi Tatu

Ugonjwa wa sukari ulipomfanya mama akatwe mguu wa kulia, baba mdogo alikuja kumpa pole na kuku mkononi. Msimu uliofuata, mkonge wa mpaka wa shamba letu la Ndithini ulikuwa umesogea upande wetu. Msimu mwingine ukasogea tena. Baba alikuwa ameshafariki, na mama hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi, na baba mdogo hakunihesabu. Hilo liliniuma kuliko mkonge.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hospitali moja mjini Machakos iliingia katika mradi wa Afrika Mashariki wa kutengeneza miguu ya bandia ya bei nafuu. Wataalamu waligawana kazi hotelini: Uganda itoe mikanda ya ngozi, Tanzania mpira wa nyayo, Kenya mbao. Mbao, kwetu, ni Wamunyu, kijiji cha wachongaji.

Sasa, Wamunyu kila mchongaji ana mnyama wake. Wa twiga huchonga twiga mpaka azeeke, na kifaru wa mwenzake hamgusi. Wa miguu hakuwepo. Kazi ikamwangukia mzee aliyechonga morani, kwa hoja kwamba morani ana miguu. Akachonga alichokijua: mguu mwembamba wa kijana, vidole vitano na kucha zake, kisha akaung'arisha kwa rangi nyeusi ya viatu. Mama yangu, aliyeitwa hospitalini kuujaribu, alikuwa mfupi na mnene.

"Huyu kijana alikuwa anaenda wapi?" aliuliza walipomfunga mikanda. Kisha akasimama, akatembea hadi dirishani, akarudi. Nililia kwa furaha mbele za watu.

Wataalamu hawakulia. Yule wa Uganda alipima, akatikisa kichwa. Yule wa Tanzania alieleza kwa Kiswahili kizuri mno, hadi mama akanigeukia nimwambie kwa Kikamba. Mguu haukufanana na mchoro waliokubaliana. Tena mpira wa nyayo ulikuwa bado umekwama mpakani. Basi mguu ubaki hapo hospitalini mpaka kikao cha mwakani.

"Na mvua?" mama akauliza.

Hakuna aliyeelewa mvua inaingiaje. Mimi nilielewa. Asipopanda msimu huo, baba mdogo angefika jikoni.

"Wacha niizoee kidogo hapo nje," mama akawaambia.

Tuliuzoea hadi Ndithini.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mama aliufuata mpaka wa zamani kutoka mwanzo hadi mwisho, mimi nyuma yake na jembe, nikirudisha mkonge mahali pake. Kesho yake baba mdogo akaja, bila kuku. Mama alikuwa ameketi mlangoni, leso imemfunika hadi chini.

"Shemeji, nimeona nyayo kwa shamba. Kiatu yako, na mguu tupu ya kijana. Huyo kijana ni wa nani?"

"Ni wangu," mama akasema. "Amekuja kukaa."