Chumvi ya Mbuzi

Mbuzi wetu alijua kabla yangu, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kila alipofunguliwa kamba aliwapita watoto wote wa jirani, akaenda moja kwa moja kumlamba mikono binti yangu. Watoto walicheka. Nami nilicheka, mwalimu mzima wa baiolojia, cheti kinaning'inia ukutani.

Tulikuwa tukiishi Itetemia, pembeni mwa mji, binti ana miaka sita. Alikohoa tangu uchanga, alikula vizuri lakini hanenepi, na jasho lake likikauka liliacha chengachenga nyeupe kwenye paji la uso. Siku moja wifi yangu, dada wa mume wangu tuliyekuwa tukiishi naye, alimbusu akatema mate.

"Wifi, huyu mtoto mnamlisha chumvi peke yake? Hebu muonje!"

Nikampeleka zahanati. Mtabibu hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari lake. "Chumvi imemzidi mwilini," akasema. "Mwachisheni kabisa." Nikasema ahsante daktari, kama mjinga.

Na mambo yenyewe nilikuwa nayafundisha! Miaka nenda miaka rudi nilichora ubaoni utando wa seli, na katikati ya utando mlango wa kloridi. Niliwaambia wanafunzi kwamba ioni ya kloridi haihitaji kusukumwa. Mlango ukifunguka inapita yenyewe kuelekea upande inakovutwa, na sodiamu inaifuata. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mtu akizaliwa na mlango mbovu?" Nikamjibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani. Kaa chini." Maneno hayo ningeweza kuyameza, ningeyameza leo.

Basi tukamtengea mtoto sufuria yake. Mchicha bila chumvi, maharage bila chumvi, uji bila chumvi. Mwezi wa kumi ukaingia na joto lake, mvua hazijanyesha, na mtoto anatoka jasho kutwa. Akaanza kudokoa. Tukaficha kopo la chumvi juu ya kabati. Mchana mmoja nikamkuta kwenye banda la mbuzi, amepiga magoti, analamba bonge la chumvi ya Uvinza tulilomwekea mbuzi. Mji wetu ulipitisha chumvi hiyo vichwani mwa wapagazi tangu enzi za misafara, na mimi nilimnyima mwanangu ya kuonja. Nikamchapa kwa mwiko.

"Mchape huyo," wifi akasema kutoka jikoni. "Leo chumvi ya mbuzi, kesho vya watu."

Nikamwongeza.

Siku ya tatu alianguka mstarini shuleni, midomo imekauka, macho yamezama. Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini.

"Mama, chumvi anakula?"

"Hata chembe," nikajibu, tena kwa majivuno, nikamweleza jinsi wifi alivyomwonja ngozi na mtabibu alivyoagiza.

Daktari akaandika kwenye faili. Kisha akasema watapima jasho lake ili wawe na hakika, ila yeye tayari alikuwa na wasiwasi. Jasho likitengenezwa ndani ya tezi, akaeleza, huwa na chumvi nyingi. Likiwa njiani kuelekea kwenye ngozi, milango ya kloridi huirudisha chumvi hiyo mwilini. Milango ikiwa mibovu, yote inamwagika nje. Na milango hiyohiyo ikikwama kwenye mapafu, makohozi huwa mazito kama gundi, ndiyo maana anakohoa.

"Mliyoionja kwenye ngozi siyo iliyomzidi," akasema. "Ni iliyokuwa inampotea."

Nilitaka kumpigia kelele mtu. Mtabibu hakuwepo, wifi alikuwa nyumbani, na aliyebaki pale nilikuwa mimi. Vipimo vilipotoka vilisema alivyosema daktari.

Binti alipopata nguvu ya kukaa, daktari aliinama kitandani akamwambia mwenyewe: kuanzia leo utakula chumvi kila siku, na jua likiwa kali utaongeza. Mtoto alimsikiliza kwa makini. Halafu akanigeukia, mkono wenye alama ya mwiko uko juu ya shuka.

"Mama, kwa hiyo mimi sikuwa mwizi?"