Habari za Maya

Jirani yangu hapa Ukunda akichemsha sukari guru, mimi husahau nilichokuwa nikifanya. Harufu ile tamu, nzito, yenye uchungu kidogo wa kuungua, ndiyo harufu ya utoto wangu. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Msambweni na Ramisi, na upepo uliotoka upande wa mashamba ya miwa uliileta mpaka uani kwetu. Ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye nywele zetu, na zaidi ya yote ilikaa kwenye shati la mpangaji wetu, Bwana Dilbahadur. Leo nataka nikusimulieni habari zake, maana tuliomjua tumebaki wachache, na baadhi yetu hata tulichokula jana hatukikumbuki.

Watu walimwita Mhindi, naye hakuchoka kuwasahihisha. Yeye ni Mnepali, alisema, na Nepali ni nchi ya milima, juu kabisa ya Bara Hindi, mirefu hata mawingu hukaa chini ya miguu ya mtu. Bibi yangu Mwanasha, mwenye nyumba, alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Haya baba, tumekubali,” kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata kidogo.

Alikuwa mshairi. Ujanani alipanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu huko Kalkuta, mchana akichapa maneno ya wengine na jioni akitunga yake, na mashairi yake yalichapwa na kusomwa na watu wa kwao. Akaoa. Mkewe akafariki akijifungua mtoto wa kike, wakamwita Maya. Mashairi hayakuwa na uwezo wa kumnunulia mtoto maziwa, basi akamwacha kwa mama yake mlimani, akavuka bahari, akajifunza Kiswahili, akawa mkalimani katika mashamba ya miwa, kati ya wasimamizi waliosema Kihindi na wakata miwa wetu.

Kwa kazi hiyo alipata sifa. Msimamizi akitukana, Dilbahadur alilitoa tusi lile lile kwa Kiswahili, kwa kipimo kile kile, na uso wake mkavu; na mkata miwa akijibu, jibu nalo lilifika na miiba yake yote. Watu walimsihi alainishe kidogo. “Neno si langu,” aliwaambia. “Nitalipunguzaje?” Baba yangu alikuwa akisema kwamba nusu ya ugomvi wa shamba lile uliletwa na ukweli wa mtu mmoja.

Jioni aliketi na Bibi kwenye jamvi wakitafsiri mashairi yake. Bibi alikuwa mwimbishaji katika harusi za pande zetu, hajui kusoma wala haoni kasoro kwa hilo, na kwake yeye shairi lisiloimbika lilikuwa kelele tu. Walifanya kazi kubwa juu ya shairi moja la bi harusi anayeteremka mlimani huku theluji ikimwangukia. Bibi alitaka kujua theluji ni kitu gani.

“Ni kama mvua, Mama, lakini nyeupe. Inaanguka polepole, bila sauti.”

“Mvua bila sauti? Nani ataiimba hiyo?”

Theluji ikatolewa, zikatiwa asumini. Dilbahadur alinuna, akasema ameporwa mlima akaachiwa kichaka. Lakini wanawake walipoliimba kwa mara ya kwanza, nilimwona akisikiliza nyuma ya ua wa makuti, midomo yake ikifuata kila neno.

Maya alikuwa rika langu, mdogo kidogo. Tulipopata Uhuru, Dilbahadur aliamua kuwa mwananchi wa hapa na kumleta binti yake. Bibi hakungoja karatasi za serikali. Alishona mto wa sufi, wa pili, wa Maya, akaniambia nijifunze kulala upande mmoja wa kitanda, kwani mdogo wangu anakuja. Dilbahadur akanifundisha kumwita “bahini”, yaani mdogo wangu wa kike. Nililisema neno hilo kwa kuku, kwa mbuzi na kwa ukuta, ili nisije nikalikosea siku atakapofika. Sikuwa na ndugu wa kike. Nilimtaka yule mtoto kama sijawahi kutaka kitu kingine.

Kisha barua kutoka kwao zikakatika. Dilbahadur alikonda. Tukasikia kwamba kijana wa kijijini kwao, jina lake Harka, yuko njiani kwa meli anakuja kufanya kazi katika kiwanda cha sukari cha hapa kwetu. Huyo ndiye angeleta habari za Maya, na ua mzima tukawa tunamngoja.

Harka alifika siku ya harusi ya shangazi yangu Mwanakombo.

Hapa lazima nikuelezeni jambo. Kwetu habari ya msiba haiingizwi penye harusi. Mtu akifiwa siku hiyo, anayejua hunyamaza. Hucheka na wenzake na kula pilau mpaka bi harusi atolewe, ndipo mfiwa huitwa pembeni akaambiwa. Dilbahadur aliliona jambo hilo kwa jirani, likamkera sana. Alimuuliza Bibi inakuwaje mtu ajue kisha atabasamu. “Inamuuma, baba,” Bibi alimjibu. “Lakini siku ile ni ya watu wengine.”

Basi alasiri ile uani kumejaa, udi unafuka, wanawake wameshaanza kuimba, akaingia kijana mwembamba na sanduku la bati begani. Dilbahadur alimkimbilia. Bibi akanyamazisha ngoma, maana mgeni aliyetoka mbali huulizwa habari mbele ya watu, na habari njema hupigiwa vigelegele.

“Muulize, baba. Mtoto wetu hajambo?”

Dilbahadur aliuliza. Harka akavua kofia. Alisema maneno mengi, akiitazama kofia yake, na mara mbili nililisikia jina la Maya. Alipomaliza, Dilbahadur alimtazama Bibi. Kisha akautazama mlango wa chumba ambamo shangazi yangu alikuwa akitiwa hina.

“Anasema Maya ni mzima,” akasema. “Anasema amekuwa mkubwa.”

Vigelegele alivyopiga Bibi vilisikika barabarani. Wanawake wote wakamfuata, nami nikapiga vyangu mpaka koo likaniwasha. Kwa heshima ya mtoto wakaliimba lile shairi la bi harusi na asumini. Harka alianza kulia. Tukasema maskini, safari imemchosha. Akamuuliza Dilbahadur jambo kwa lugha yao, naye akamjibu kwa maneno machache, bila kuondoa macho kwa wanawake waliokuwa wakiimba.

Kesho yake asubuhi Dilbahadur alikuja uani, amevaa shati la jana. Bibi alikuwa ameshakata kitambaa cha gauni la Maya na alitaka kujua urefu wake. Akaonyesha kwa mkono, hapa, karibu na kifua. Baada ya hapo hakutunga tena. Nilipomuuliza bahini anakuja lini, alisema mvua zikiisha. Mvua zikaisha. Akatuaga, akisema anakwenda kumchukua mwenyewe, nami nikampa ule mto ampelekee, apate kuuzoea njiani. Aliubana kwapani, akapanda lori la miwa. Hakurudi.

Harka alibaki kiwandani, akajifunza Kiswahili. Siku ya Idi alikuja kumwamkia Bibi, na Bibi, kama kawaida yake, akamuuliza habari za Maya. Kijana akashangaa. Maya alikufa kwa homa kabla yeye hajapanda meli, akasema, na habari hiyo aliitoa hapa hapa, mbele ya watu wote.

“Siku ile niliogopa, Bibi. Nimemwambia mtu mtoto wake amekufa, nanyi mkapiga makelele. Nikamuuliza, wanafanya nini hawa wanawake? Akaniambia, wanamlilia binti yangu. Akaniambia huku ndivyo wanavyolia.”

Bibi aliweka chini sinia la maandazi. Alitandika jamvi palepale uani, sikukuu ikiwa imeshamiri, akakaa matanga ya mtoto ambaye hakupata kumwona.

Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa miaka mingi, kwa sababu nililala pembeni ya kitanda nikimngoja maiti, na kwa sababu mtu mkweli kuliko wote niliowajua alichagua kutudanganya sisi. Nimekuwa mtu mzima nikiwa na hasira hiyo. Kisha nikamzika mwanangu wa pili. Tuliporudi makaburini kulikuwa na harusi nyumba ya tatu, na hawakuwa na habari zetu. Vigelegele vilikuja mpaka chumbani nilikolala. Dada wa mume wangu alinyanyuka akawanyamazishe. Nikamshika mkono, nikamwambia awaache, wanamlilia mwanangu.