Kigingi cha Nne

Korosho zikichomwa kwenye debe lililotobolewa matundu, moshi wake huwasha macho na kukaba koo, na mpaka leo nikiunusa popote narudi Temeke ya utoto wangu. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na Temeke haikuwa hii ya leo ya ukuta kwa ukuta. Zilikuwa nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, zimetawanyika baina ya mikorosho na mashamba ya muhogo, na ukitaka kumwita jirani ulipaza sauti tu naye akasikia. Nyuma ya shule yetu ya wasichana palikuwa na kichaka, mwalimu wetu akawashawishi wazazi wakakifyeka ili tupate uwanja. Mwalimu huyo aliitwa Eliwaza, mtu wa Upare, Mkristo, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuja na mchezo wa Kizungu aliojifunza chuoni. Msichana mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo fupi, kisha anakimbia kuzunguka vigingi vinne vilivyochomekwa ardhini. Anayevimaliza vyote bila kutolewa ameipatia timu yake bao. Jina lake la Kizungu lilitushinda ulimi, tukauita vigingi, basi.

Kupiga mpira kila mtu alijua baada ya siku chache. Kazi ilikuwa kukimbia. Mwalimu Eliwaza alitufundisha kwamba ukiwa kwenye kigingi mguu usibanduke maadamu mrushaji ameushika mpira, lakini ukimtoka tu mkononi, hata kama mpigaji hajaugusa, una ruhusa ya kukimbia kuiba kigingi kinachofuata. Mpinzani akikiwahi kigingi hicho na mpira mkononi, umetoka. Basi alisimama mbele yetu na ndimu, anajifanya kuirusha kumbe hairushi, na aliyedanganyika akatoka mapema alifagia darasa. Mimi nilifagia sana, maana nilikuwa na pupa ya kuondoka na uzito wa kufika. Jambo jingine lililomtesa mwalimu wetu ni adabu zetu. Sheria ilisema wawili hawakai kigingi kimoja, akija wa nyuma basi wa mbele akimbie. Sisi tulikuwa watoto wa watu, tumelelewa kumpisha mkubwa. Akija msichana aliyetuzidi umri tulisogea pembeni tukamwambia, "Karibu dada," na papo hapo tukatolewa. Mwalimu alijipiga paji la uso. "Nyie watoto mtaniua," alisema. "Adabu ya barazani iacheni barazani. Hapa tazama kigingi unachokiendea, usitazame mtu!" Tulicheka, na kesho yake tukarudia yale yale, kwani mazoea yana taabu.

Aliyeuelewa mchezo ule kwa damu alikuwa Zainabu, binti wa jirani yetu Mzee Shomari. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipokuwa kigingini ungedhani anasinzia, mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Hapo ulimtafuta humwoni. Kanga aliyokuwa akiifunga kiunoni juu ya gauni la shule ilibaki ikipepea nyuma yake. Darasani pia hakuwa haba. Sote tulikuwa darasa la nne, mwisho wa shule yetu, na wasichana wachache sana walipata nafasi katika shule ya kati ya bweni. Siku moja tukiwa kisimani Zainabu aliniambia siri ambayo ilinikosesha raha. Posa yake ilikuwa imekuja kutoka Kinondoni na baba yake ameipokea. Lakini Mzee Shomari hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mwanawe kwamba akipata nafasi ya bweni harusi itangoja, asipoipata ataolewa baada ya mavuno. Naye Mwalimu Eliwaza, bila kujua habari ya posa, alikuwa amekwisha kutuambia kuwa mama wa Kizungu anayeiongoza shule ile atakuja kutazama mashindano yetu na wasichana wa Kinondoni. Mama huyo alipenda wasichana wepesi, wa akili na wa mwili, na angechagua pale pale. "Nataka kwenda, shoga yangu," Zainabu aliniambia. "Mie sijawahi kutaka kitu kama hiki." Nikamwambia atakwenda, kwa nini asiende?

Siku ilipofika tulipakiwa kwenye lori la mchanga, tukaimba kutoka Temeke, Ilala, Magomeni, mpaka sauti zikakauka. Kinondoni nayo wakati huo ilikuwa minazi na vichochoro vya mchanga, watu wake wakijitokeza milangoni kutuona. Uwanja ulizungukwa na akina mama, wengine na watoto mgongoni, wengine na masinia ya biashara zao kichwani. Yule mama wa Kizungu aliketi kwenye kiti chini ya mwavuli, Mwalimu Eliwaza amesimama kando yake akifikicha viganja vyake kwa wasiwasi. Mchezo ulikuwa mtamu. Zainabu aliiba kigingi baada ya kigingi, na nilimwona yule mama akimuuliza mwalimu jambo huku akimwonyesha kwa kidole, mwalimu akitabasamu mpaka jino la mwisho. Hata zamu yetu ya mwisho ikafika tukiwa sare, Zainabu yuko kigingi cha tatu na mimi nikiwa nyuma yake cha pili. Kilibaki kigingi kimoja tu.

Mrushaji akarusha. Zainabu akatoka kama alivyofundishwa, mpira ulipoachana na vidole tu, macho mbele. Mpigaji wetu akaukosa, msichana aliyekuwa nyuma yake akaudaka, lakini Zainabu alikwisha kupita nusu ya njia na hakuna ambaye angemuwahi. Ndipo akasimama. Nasema akasimama, wala hakujikwaa wala hakuumia. Aliifungua kanga kiunoni, akajifunika kichwa na uso, akapiga magoti pale pale mchangani katikati ya uwanja. Mpira ulipita juu yake ukadakwa kwenye kigingi cha nne, na Kinondoni nzima ikapiga vigelegele. Mwalimu Eliwaza alikuwa akipiga kelele, "Inuka! Zainabu, inuka!" Mimi nilitazama nyuma ya kigingi kile nikamwona mwanamke mnene wa makamo, kashika sinia tupu, kinywa wazi. Nilimjua. Ndiye aliyekuja Temeke na wenzake kumtazama mchumba, ndiye mama wa mwanamume aliyeposa. Kwetu msichana aliyeposwa hukimbia akajificha akimwona mkwewe, na akikosa pa kujificha hujifunika na kupiga magoti. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Zainabu alikuwa amefunzwa na mamaye barabara.

Yule mama wa Kizungu aliuliza kama mtoto ana kifafa. Mwalimu Eliwaza, ambaye kwao mambo yalikuwa na taratibu nyingine, aliendelea tu kumwita Zainabu ainuke. Walichaguliwa wasichana wa Kinondoni. Ndani ya lori, tukirudi, wenzetu walimnunia Zainabu kwa sababu ya bao, naye alikaa pembeni na kanga yake kichwani bila kujitetea. Mwalimu aliponiuliza kulikoni nikamweleza yote, posa, mavuno, na ahadi ya Mzee Shomari. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa nini sikuambiwa?" aliuliza. "Jamani, kwa nini mimi sikuambiwa?" Alimvuta Zainabu akamlaza kichwa mapajani mwake, na wote wawili wakalia mpaka Temeke. Mavuno yalipokwisha ngoma ikachezwa, nami nilikula pilau ya harusi ile. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani alisema mtu akiyaona mchangani asisikitike?

Mimi nilibahatika baadaye kusomea ukunga, na ni mimi niliyemzalisha Zainabu watoto wake wa mwisho, kwa hiyo tulipata nafasi nyingi za kuongea. Hakuteswa, nisije nikamsingizia mtu. Mume alikuwa mpole, na mkwewe alimpenda kama aliyemzaa. Nilikuwa nimeizoea huzuni ile, mpaka Zainabu aliponiongezea nyingine. Tulikuwa tumetoka kumzika mkwewe, tumekaa jikoni tukichambua mchele wa hitima. Akaniambia kwamba walipokwisha kuzeeka pamoja, yule mama alimuuliza jambo lililokuwa likimkera miaka yote. "Siku ile ya mpira, mwanangu, mbona ulisimama? Nilisikia mchumba wa mwanangu ana mbio, nikauza vitumbua vyangu kwa haraka nije kukutazama. Nilikuwa nakushangilia, nawe ukanipigia magoti!" Zainabu akamsimulia habari ya bweni. Yule mama akasema, "Ungeniambia unataka shule ningemwambia mwanangu asubiri. Kwani alikuwa na njaa gani?" Zainabu alinisimulia hayo huku anacheka, na mikono yake imesimama ndani ya ungo. Nilitoka nje nikalie peke yangu.

Tangu siku hiyo sijui nimlaumu nani, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningempata mkatili mmoja katika habari hii ningepumzika. Baba alikuwa tayari, mwalimu alikuwa tayari, mkwe mwenyewe alikuwa tayari, na kila mmoja alikaa na utayari wake kimya kwa kuwa heshima haikuruhusu kuuliza. Leo mjukuu wangu wa kike anasoma sekondari hapa Temeke, anacheza mchezo wa mpira na gongo unaofanana na ule wetu, kwa kofia ngumu na viatu vya meno, na hujirusha kwa tumbo mchangani mbele ya halaiki ya watu bila kumwonea haya mtu. Wazee wenzangu husema watoto wa siku hizi hawana adabu. Labda ni kweli. Ila huyu wangu nimemlea mimi, na akiniona popote hukatisha anachofanya aje kunisalimu. Kwa hiyo siku za mashindano mimi hutangulia kusimama ukingoni, na akianza kukimbia kuja upande wangu humpigia kelele kwa pumzi zote nilizobakiwa nazo, watu wakageuka kunishangaa: "Pita, mama! Pita! Shikamoo utanipa baadaye!"