Mashine ya Kupepeta Wimbi

Mke wangu alikuwa na pumu tangu nimwoe. Miezi mingi ilimtulia, ungedhani imemsahau, mpaka wimbi likishavunwa. Kwetu karibu na Birongo, nyumba isiyopika obokima, ule ugali wetu mweusi wa wimbi, watu huionea huruma, na wimbi halifiki jikoni bila kupepetwa. Basi kila msimu alijifunga leso puani, akachukua ungo, akapepeta uani huku vumbi likimrudia usoni. Jioni ungemkuta amekaa ameinamia magoti, mabega yakipanda na kushuka, hawezi kumjibu mtu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwambia tununue unga dukani yaishe. Alinijibu kwamba shamba lake analijua na unga wa duka haujui. Sikubishana naye. Nilijiona nimeshafanya sehemu yangu kwa kusema.

Alianza kutengeneza mashine yake bila kuniambia. Mama yake alipofariki alimwachia cherehani iliyokwisha kufa, na mke wangu akaing'oa kichwa akabaki na miguu ya chuma, kanyagio na gurudumu. Nilimkuta siku moja nyuma ya jiko amekata debe la mafuta ya kupikia, anakunja vipande vya bati kama majani ya mgomba.

"Unatengeneza nini, mama watoto?"

"Upepo," akasema.

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na kwamba hakuacha kukunja.

Ilimchukua misimu miwili. Alichuma chai asubuhi, akapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, akarudi kukaa na mabati yake. Alikwenda Keroka mwenyewe kutafuta mkanda kwa wauza vipuri vya lori, akarudi na mrefu mno, akaukata, akaushona. Alipomaliza, mashine ilikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Ulimwaga wimbi juu, ukakanyaga, feni ya bati ikazunguka ndani ya sanduku la mbao, na chekeche chini yake kikatikisika kwa kipande cha nondo alichokipinda kikashikana na gurudumu. Punje zilishukia kwenye karai. Mchanga ulianguka chini. Makapi na vumbi vilipita kwenye bomba la plastiki lililotokeza upande wa pili wa ua, mbali na kifua chake.

Msimu ule alipepeta magunia yetu yote na hakukohoa. Majirani walianza kuja na wimbi lao. Alikuwa akiwakanyagia huku anaimba nyimbo za kanisani, na mimi nikirudi kutoka shuleni nilimsikia tangu barabarani.

Mwaka uliofuata vijana fulani wa Nyamira waliandaa maonyesho ya watu wanaojitengenezea vitu nyumbani. Walisema hakihitajiki cheti wala karakana, lete tu ulichokibuni. Waliyaweka Jumapili mchana, wakati ambao Wakatoliki wanaweza kufika wakitoka misa na sisi Waadventista tumeshamaliza Sabato yetu. Mimi ndiye niliyeleta habari nyumbani. Mke wangu alikataa.

"Nitasema nini mbele ya watu? Kiswahili changu ni cha sokoni."

"Nitakuwa nawe," nikamwambia. "Wewe utasema kwa Ekegusii chetu, mimi nitawatafsiria."

Alikuwa ameishia darasa la nne. Aliinuka akaenda kuosha mashine.

Tuliifikisha kwa pikapu, imefungwa kwa kamba za migomba. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa meza. Muuguzi mmoja alikuwa amegeuza friji mbovu kuwa mahali pa kuangulia vifaranga, na vifaranga wenyewe walikuwa humo wakilia. Dereva mstaafu wa lori alikuwa amepaka rejeta ya lori rangi nyeusi akailaza juani, ukifungua bomba yanatoka maji ya moto. Mwanakwaya alipiga mabomba ya maji kwa kandambili mbili yakatoa sauti kama za kinanda, na watu wakamzunguka wakicheza. Mke wangu alizunguka meza zote. Aliingiza mkono katika kila kitu, akauliza kwa Ekegusii, akajibiwa. Sijawahi kumwona hivyo, si hata siku ya harusi yetu. Yule dereva alimweleza kwa nini alichagua rejeta na si debe, wakasimama wakibishana kama watu waliosoma pamoja.

Alipokuwa huko, binti wa kuandikisha alifika kwenye meza yetu na kalamu.

"Jina, mwalimu?"

Nikataja langu. Nyumba ni moja, ndivyo nilivyowaza, kama niliwaza.

Waamuzi walikuwa watatu, na wawili kati yao si wa huku kwetu. Mke wangu alikuwa amerudi, amesimama kando ya mashine, mkono juu ya gurudumu.

"Feni hii umeipimaje isipeperushe na punje?" mmoja akauliza, akinitazama mimi.

Nilimgeukia mke wangu nikamuuliza. Alijibu taratibu, akionyesha kwa vidole, nami nikatafsiri: "Kwanza niliweka gurudumu dogo mno kwenye feni, upepo ukawa mkali, ukabeba hata wimbi. Nikaweka lililo kubwa kidogo, ukatulia, ukabeba makapi peke yake."

"Na hili bomba?"

"Nina shida ya kifua," mke wangu alisema. Nami nikasema, "Ni kwa sababu ya vumbi. Vumbi linadhuru kifua."

Nilikuwa nikitafsiri kama mtafsiri wa kanisani anavyofanya. Yeye akisema "nilikata", nami nasema "nilikata". Katika swali la tatu ndipo nilipogundua kwamba mwamuzi ameacha kabisa kumtazama. Alikuwa akiandika, akiniitikia kwa kichwa, na kila "nilifanya" aliyoiandika ilikuwa yangu. Ningesema, "Ni yeye." Maneno mawili tu. Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na mingapi, nimepita na kupitwa, hakuna aliyewahi kuniandika huku ananitazama vile. Swali la nne sikumuuliza mke wangu. Nililijibu mwenyewe.

Yeye aliondoa mkono kwenye gurudumu. Alielewa Kiswahili zaidi ya alivyoweza kukisema, na mimi nililijua hilo.

Jina langu liliposomwa, watu walipiga vigelegele. Nilisimama. Nilipewa cheti na sanduku la vifaa, lenye drili na misumeno midogo na koleo za kila aina, vitu ambavyo yeye alikuwa amevitamani madukani akavipita. Niliporudi kwenye kiti nilimpa sanduku alishike. Alilipakata mapajani mpaka mwisho wa sherehe, na hakulifungua.

Nyumbani alipika, tukala, akauliza kama nitavaa shati la buluu kesho. Nilingoja agombe. Mtu akigombana nawe unajua pa kuanzia kumwomba radhi. Hakugomba siku ile wala iliyofuata, nami wiki zilipopita nikaanza kujidanganya kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo. Sanduku alilisukuma chini ya kitanda. Kijijini wakaanza kuniita fundi, hata wale waliowahi kumletea wimbi lao. Shule jirani iliniita niwazungumzie wanafunzi, nikaenda, nikazungumza vizuri.

Kilichobadilika ni kwamba hakukunja tena bati. Nyuma ya jiko palibaki vipande alivyokuwa amevikusanya kwa ajili ya kitu kingine, sikujua nini, na mvua ikavitia kutu. Mashine aliitumia, lakini bila kuimba.

Kisha wale vijana wa Nyamira wakaja nyumbani na kamera. Walitaka kunipiga picha nikikanyaga. Nilikanyaga, chekeche kikatetemeka mara mbili, pakalia kitu ndani, kikasimama. Nondo ilikuwa imekatika mahali ilipopinda. Nilifungua sanduku la mbao nikachungulia kama mtu anayechungulia kisima. Sikujua nishike wapi. Kijana wa kamera alisema, "Chukua muda wako, mwalimu."

Nilimwita mke wangu kutoka kwenye chai. Alikuja na kikapu mgongoni, akasimama, akaitazama nondo. Niliona macho yake yakipita pale palipokatika, yakashuka kwenye gurudumu, yakarudi. Alikuwa ameshaitengeneza kichwani. Nilimnong'oneza kwa Ekegusii, "Nisaidie."

Akasema kwa Kiswahili, wote wasikie, "Mwalimu ndiye anajua."

Akarudi kuchuma chai. Vijana walicheka, wakasema nimebahatika kuwa na mke mnyenyekevu.

Sabato iliyofuata nilisimama kanisani wakati wa shuhuda. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilisema mashine si yangu, aliyeibuni ni mke wangu tangu msumari wa kwanza, na kwamba niliipokea sifa yake mbele yake. Nilidhani kanisa litanyamaza kwa mshtuko. Watu walitabasamu. Mzee wa kanisa alinishika bega akasema, "Tazameni mume anayempa mke heshima," wakasema amina. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, "Wangu hawezi hata kunishukuru kwa chai." Nilijaribu kusema tena, na wimbo ukawa umeshaanza.

Tulirudi kwa miguu. Alikuwa mbele, Biblia kwapani.

"Nimesema ukweli," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Hawakuniamini."

"Mwalimu, siku ile mbona hukusema?"

"Niliona raha," nikasema. "Walikuwa wananitazama, nikaona raha."

Alisimama akanitazama, nadhani kwa kuwa hakutarajia nikiri hivyo. "Mimi pia nilikuwa nimeona raha siku ile," akasema. "Nilikuwa nimeona raha sana."

Nililia pale barabarani, mtu mzima na suti yangu. Alinipa leso, kwa upole, akangoja nimalize. Lakini hatukurudi tulikokuwa. Nilikwenda Nyamira kurudisha cheti, nikaambiwa aliyekiandika amehama, na kwamba niandike barua. Niliandika. Hakuna aliyejibu. Nondo niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akairudisha imenyooka mno, chekeche kikagoma. Nilimwomba mke wangu aniambie tu ipindwe vipi.

"Iache," akasema.

Mavuno yalipofika alichukua ungo. Nilimwambia nitapepeta mimi. Nilipepeta, nikamwaga nusu chini, akaninyang'anya bila hasira akaendelea mwenyewe. Alikohoa msimu mzima. Nimesikia mambo mengi ya kuhuzunisha katika maisha yangu, nimezika wazazi na ndugu. Kile kikohozi kutoka uani, nami niko sebuleni nasahihisha madaftari, ndicho kinachonirudia.

Binti yetu wa pili alijifungua Nakuru, akamwomba mama yake aende kumsaidia. Alifunga nguo chache. Alisema mwezi mmoja. Ulipita, ikawa miwili, ikawa mtoto ana homa, ikawa binti anarudi kazini na hana wa kumwachia mtoto. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Kwenye simu alinisalimu vizuri, akauliza kuhusu ng'ombe na chai. Nikimuuliza lini atarudi alisema, "Tutaona, mwalimu."

Nilipostaafu nilikwenda kuwatembelea. Binti yetu anaishi kwenye ploti yenye vyumba vingi vya kupangisha na ua mmoja wa saruji, na nilipoingia getini niliwakuta wanawake watano au sita wamezunguka kitu. Mke wangu alikuwa katikati yao, mjukuu mgongoni. Alikuwa ametengeneza mahali pa kuanikia nguo: kamba zilizopita kwenye magurudumu ya kigari cha mtoto, unavuta upande mmoja na nguo zote zinapanda juu ya paa kwenye jua, kwa sababu ua ule haufikiwi na jua. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa akipumua vizuri.

Mpangaji mgeni alinisalimu, kisha akamuuliza mke wangu, "Nani amewatengenezea hii? Ni mzee?"

Nilifungua mdomo, na yeye akanitangulia.

"Hapana," akasema. "Hii kitu nimetengeneza mimi. Mimi peke yangu."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni vilevile, na hakuna aliyehitaji atafsiriwe. Aliwaonyesha jinsi ya kuvuta, akawaeleza kosa alilofanya mara ya kwanza mpaka kamba ikakatika na shuka za watu zikaanguka kwenye maji machafu. Walicheka. Mimi nilisimama na mfuko wangu wa ndizi na maparachichi niliowaletea kutoka nyumbani.

Nilikaa siku tatu. Tulizungumza mengi, hata tukacheka. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi stendi, mtoto amelala mgongoni mwake. Nilimwambia nyumba ni yake, na wakati wowote akitaka nitamfuata. Alinirekebishia kola ya shati.

"Nenda," akasema. "Kule chai itazeeka bila kuchumwa."

Nilikwenda. Ni mwaka wa pili sasa.