Kurasa Tatu za Kilio

Miaka ya sabini nilikuwa nafundisha Migwani, na nilipomaliza kuandika hadithi yangu ya sinema nilijiona mtu. Niliipeleka kijiji cha Tulia kwa mzee mmoja aliyestaafu huko, ambaye enzi zake alitengeneza sinema zilizokuwa zikizungushwa vijijini kwa gari. Nilitaka aseme inafaa. Nilitaka hivyo kuliko mshahara.

Alisoma polepole, kalamu mkononi, chai ikipoa. Hadithi ilikuwa ya dada yangu aliyefariki akijifungua. Mumewe anakuja kumpasha mama yetu habari. Wanakumbatiana, wanalia na kusemezana kurasa tatu.

"Mwalimu, hii maneno yote ni ya nini?" akauliza. "Kamera haioni maneno. Na ni wapi huku Ukambani mkwe anakumbatia mama mkwe? Niambie vile ilikuwa."

Nikaona haya. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, ndiyo heshima. Basi nikamweleza: shemeji alikohoa langoni, mama akajifunika leso na kugeukia ukuta wa ghala. Shemeji akaweka chini sweta ya kijani ambayo dada alienda nayo hospitali, akaondoka.

"Andika hiyo," mzee akasema, akapiga mstari juu ya kurasa zangu zote tatu. Iliniuma sana. Kisha akainua macho. "Lakini hawa hawaongei bila mtu katikati. Nani alibeba maneno?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ni mimi."

"Mbona kwa karatasi sikuoni?"

Shemeji alikuwa ameninong'oneza, "Ametuacha. Mwambie mama." Mama, uso bado ukutani, akauliza, "Anasemaje?" Nami, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nikaiokota ile sweta, nikaificha mgongoni, nikajibu, "Anakusalimu."

Mama alikuja kuambiwa jioni na akina mama wa kanisa, mimi nikiwa nimejifungia chumbani.

Mzee hakunilaumu. Alinirudishia karatasi akasema niandike neno hilo moja tu, "Anakusalimu," mengine nitoe. Nimejaribu tangu wakati huo, na yeye mwenyewe alishazikwa. Kila nikifika pale langoni mkono unaanza kuandika hotuba. Nikiifuta, anabaki mama peke yake, ameugeukia ukuta, sauti imechangamka, ananiambia nisimwache mgeni aondoke bila chai.