Tone la mafuta lililowakimbiza panya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Linah Cherono anavaa koti jeupe na viatu vya mpira, kisha anaingia katika chumba chenye panya weupe ishirini na wanne. Wengi wamelala fofofo. Wamekimbia usiku kucha.

Kila panya ana kizimba chake na gurudumu la kukimbilia, na kila gurudumu lina mita ndogo inayohesabu mizunguko. Hakuna anayewalazimisha. Anayetaka kukimbia hukimbia, asiyetaka hulala. Kazi ya Linah ni kuwalisha, kuwasafishia na kuandika nambari.

"Huyu namba tisa amefanya elfu tisa na mia mbili," anasema akiinama. "Hiyo ni kama kilomita tatu na nusu. Kanisa yetu huko Subukia si mbali hivyo, na bado nilikuwa nachelewa."

Linah, 43, mama wa watoto watatu, alikamua ng'ombe wa watu Subukia kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuajiriwa na kituo kimoja cha utafiti nje ya mji wa Nakuru. Majirani zake wa Lanet wamemcheka hadi wakachoka.

"Wananiuliza, 'Mama Chemutai, bado unachunga panya?' Nawaambia, hawa hawanipigi teke."

Utafiti wenyewe si mzaha. Nusu ya panya hula chakula cha kawaida. Nusu nyingine hula lishe mpya ambayo watafiti wanatumaini siku moja itawapunguzia uchovu watu wanaougua kwa muda mrefu. Lishe ikifanya kazi, panya watakimbia zaidi kwa hiari yao.

Mwezi uliopita walikimbia zaidi kweli. Sita kati yao walipanda kutoka mizunguko elfu tisa kwa usiku hadi elfu kumi na nne. Dkt. Wangui Ndegwa, anayeongoza utafiti huo, alifurahi hata akawanunulia wafanyakazi wote soda.

Linah hakumaliza yake. Wiki mbili awali, magurudumu sita yalikuwa yakilia kwii, kwii. Akayatia mafuta ya cherehani yake, kama anavyofanya na chochote kinacholia nyumbani. Yote sita yalikuwa ya panya wa lishe mpya, na sasa yalizunguka kwa wepesi.

"Nilikaa na hiyo maneno siku mbili," anasema, machozi yakimlengalenga. "Kontrakti yangu inaisha mwezi huu. Nikasema, Linah, ukinyamaza hakuna mtu atajua. Halafu nikafikiria mgonjwa anapewa hiyo chakula, anangoja nguvu, kumbe nguvu ilikuwa ya mafuta."

Jumatatu akaingia ofisini. "Daktari, si chakula. Ni mimi."

Dkt. Wangui hafichi kwamba alikasirika. "Nilimwambia atoke nje kwanza. Nambari za wiki mbili tukatupa zote. Baadaye nikajiuliza, ni wangapi wangekuja kuniambia?"

Sasa magurudumu yote ishirini na manne yametiwa mafuta sawa, na hesabu imeanza upya. Itachukua wiki nane. Mkataba mpya wa Linah bado uko ofisi kuu, haujasainiwa, na hakuna aliyemwahidi chochote.

Anatumaini utasainiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Nataka niwe hapa siku ile itajulikana," anasema. "Na kama chakula haifanyi kazi, hiyo pia nataka niandike mimi."