Injini ya Bure

Fundi wa Makambako alikuwa hataji bei kabla hajafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kisha husema polepole kama anayewapa ndugu habari za mgonjwa. Injini ya Landrova ya misheni ilipokufa, alimweleza padri: "Mpya kutoka Dar es Salaam ni shilingi elfu tatu. Ya lori kuukuu, mia tisa. Ile ya mashine yenu ya kusaga ni bure, Baba Padri, ila ndiyo ghali kuliko zote." Padri alisikia "bure" tu. Fundi akaing'oa kwenye mashine, akaifunga kwenye Landrova. Gari likaenda vizuri mno, na kila Jumamosi padri akawa anawapakia akina mama na mahindi yao, maili arobaini, kwenda kusaga Makambako. Wakipita gereji, Mama Oktavia humpigia fundi kelele: "Tumeileta injini yetu iwaone wenzake wakisaga!" Fundi huvua kofia.